Motokaa ya Harrier: Umbo, Starehe na Mwendo Wake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Jioni bwenini, baada ya kujisomea, hayakosekani mabishano juu ya motokaa. Mmoja hutaka Land Cruiser, wa pili hutaka Subaru, na wengi, nadhani zaidi ya nusu, husema kwamba siku wakipata fedha watanunua Harrier. Ukiwauliza sababu, hujibu, "Ni gari zuri." Ukiwauliza ni zuri kwa nani na kwa kazi gani, hunyamaza, au hukuambia ukalale. Basi nimeona yafaa nieleze habari za gari hili kwa kadiri niijuavyo, maana baba yangu mdogo akaaye Nyegezi analo tangu mwaka 2022, nami nimelipanda katika kila kiti isipokuwa kile cha dereva. Umri wangu ni miaka kumi na saba, na leseni ya motokaa haitolewi kabla ya kumi na nane. Kwa hiyo mambo ya usukani nitakayoyaeleza nimeyapata kwake na kwa fundi wake.

Harrier huundwa na kampuni ya Toyota ya Japani. La kwanza lilitoka Desemba 1997, la pili Februari 2003, la tatu mwishoni mwa 2013, na la nne mwaka 2020. Yale mawili ya kwanza yaliuzwa Marekani na nchi nyingine kwa jina la Lexus RX. Ninalolieleza hapa ni lile la pili, ambalo twaliona sana katika mitaa ya Mwanza. Liliundwa katika kiwanda cha Miyata, kisiwa cha Kyushu. Jina lake ni la ndege, mwewe wa namna fulani arukaye chini chini juu ya majani akitafuta panya, na sura ya ndege huyo imo katika alama iliyo mbele ya gari. Watu wa ziwani wasidhani ni furukombe wetu. Hapa Tanzania, lakini, mafundi na madalali wamelipa jina jingine, "tako la nyani", kwa ajili ya umbo lake la nyuma. Mhariri aniwie radhi. Ukienda dukani kuuliza spea bila kulitaja jina hilo, waweza kurudi na kifaa cha Harrier nyingine.

Ni gari la jamii gani? Wazee wetu walizoea aina mbili, gari dogo la mjini na Land Rover ya porini. Chini ya Land Rover ya zamani, kama chini ya Land Cruiser, mna chasisi, yaani fremu nene ya chuma mfano wa ngazi iliyolazwa, na bodi imewekwa juu yake ikafungwa kwa bolti. Gari la namna hiyo hustahimili mzigo na mashimo, lakini huwarusha watu. Gari dogo halina ngazi hiyo. Bodi yake yenyewe ndiyo mifupa. Harrier ni chotara. Kimo chake chafanana na cha gari la porini, ila mifupa yake ni ya gari dogo, na asili yake hasa ni Camry. Wauzaji huziita gari hizi krosova. Ukilishika jambo hili moja, sifa zake na aibu zake zote hujieleza.

Tuanze na umbo, maana ndilo linalowavuta watu. Urefu wake ni mita 4.73, upana karibu mita 1.85, na kimo karibu mita 1.68. Mbele ni pana na pametulia. Paa likishapita kichwa cha dereva huanza kushuka polepole, na kioo cha nyuma kimelala sana, hata ukilitazama gari kwa ubavu waona kama mtu anayekimbia huku ameinama. Waliolichora walikilaza kioo hicho makusudi ili gari lisionekane kama kabati lenye magurudumu. Kweli wamefaulu. Harrier la miaka ishirini likioshwa vizuri halina haya kusimama kando ya gari jipya, na sijui magari mengi ya wakati wake yanayoweza hivyo.

Lakini kila sentimita ambayo kioo kimelala imetolewa katika mahali pa mizigo. Chini, sakafuni, pana nafasi ya kutosha. Juu hapana. Ndoo ya lita ishirini huingia bila taabu, bali ukiweka ya pili juu yake mlango hukataa kufunga. Gunia la mchele sharti lilazwe, na likilazwa limekula nafasi yote. Noah, gari ambalo sijamsikia mtu bwenini akilisifu kwa uzuri, nyuma yake imesimama wima kama ukuta wa nyumba, nalo hubeba. Hii ndiyo bei ya kwanza ya uzuri wa Harrier, na muuzaji hakuambii.

Katika starehe sina neno baya, na hapa nitakaa kidogo. Bibi yetu ana maumivu ya magoti. Akiingia gari dogo humbidi ashuke kama anayekaa juu ya kigoda, na kuinuka humtaka mtu wa kumvuta. Land Cruiser nayo humtaka apande kama anayepanda ghalani. Kiti cha Harrier kipo katikati ya hayo mawili. Chamfikia nyongani, naye hugeuka tu, akakaa, kisha akaingiza miguu. Siku ya kwanza alipochukuliwa kwenda Bugando kuonyesha magoti yake alisema, "Hili halinitesi," na kwa Bibi hiyo ni sifa kubwa, maana hasifu kitu kwa urahisi. Watu husema krosova zimependwa duniani kwa sababu zaonekana za kitajiri. Mimi naona nyonga za wazee zimechangia.

Viti vya nyuma husogezwa mbele na nyuma, na maegemeo yake hulazwa kidogo. Mtu mrefu akikaa nyuma ya mtu mrefu, magoti yao hayagombani. Sakafu ya nyuma karibu yote ni sawa, haina kile kigongo kikubwa cha katikati kinachomfanya abiria wa kati akae miguu yake imepanuka kama mpanda punda. Rungu la gia limewekwa juu, kwenye dashibodi, wala si chini kati ya viti viwili vya mbele, na breki ya kuegeshea hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Kwa hiyo katikati hapo mna nafasi ya kuweka chupa za maji na mkoba wa Mama Mdogo. Ukifunga madirisha, kelele za nje hubaki nje. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa mtu wa mbele huzungumza na wa nyuma kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo katika daladala zetu haliwezekani hata gari likiwa limesimama.

Sasa niseme juu ya nafasi, kwani hapa ndipo mabishano yetu ya bwenini hukosa shabaha. Gari hili ni kubwa nje, lakini lina viti vitano na mikanda mitano. Nyumbani kwa Baba Mdogo tu watu wanane wakati wa likizo: yeye, Mama Mdogo, watoto wanne, Bibi na mimi. Mjapani aliyelichora alifikiri familia ya baba, mama na watoto wawili, na kiti kimoja cha mgeni. Familia ya namna hiyo ndiyo ya kwao. Kwetu, mgeni mmoja akija huja na mjukuu.

Mwaka wa kwanza tulikwenda Sengerema, kwenye mji wa Bibi, sote wanane ndani ya gari moja. Wadogo wawili walipakatwa, na wa tatu alibanwa kati ya Bibi na mlango. Watu wengi hufanya hivyo na kufika salama, na kwa kuwa wamefika salama huona hakuna hatari. Mimi niliporudi shuleni nilipiga hesabu kwa fizikia tuliyofundishwa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa laenda mita 13.9 kila sekunde. Likigonga kitu, na kila kilichomo kikasimama katika muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto mwenye uzito wa kilo 20 huhitaji kani ya niutoni kama 2,780 ili azuiwe. Ni sawa na kushika mzigo wa kilo 280, yaani karibu magunia matatu ya kilo mia. Hakuna mama mwenye mikono ya kushika magunia matatu. Mkanda waweza, kwa sababu umefungwa kwenye mifupa ya gari. Tena mkanda mmoja kwa mtu mmoja, maana ukimfunga mama pamoja na mtoto aliyempakata, uzito wa mama wote humbana mtoto kwenye mkanda.

Nilimwandikia Baba Mdogo hesabu hiyo. Hakujibu barua, lakini likizo iliyofuata alisema watu wanane hawataingia tena, na watatu tulikwenda kwa basi. Zamani kugawanyika hivyo kulikuwa taabu, maana wa basi na wa gari hawakuvuka pamoja pale Kigongo, na foleni ya kivuko ilikuwa haina mwenyewe. Tangu tarehe 19 Juni 2025, daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa, hungojani tena na maji. Walakini yafaa kusema wazi kwamba anayetaka gari moja kwa familia ya watu saba, Harrier hili si lake. Toyota iliunda pia Vanguard, kuanzia 2007 hadi 2013, na baadhi ya hayo yana viti saba, ingawa safu ya tatu yawafaa watoto tu. Noah pia ipo, pamoja na ukabati wake.

Neno moja zaidi juu ya nafasi. Mahali pa mizigo katika krosova hapana ukuta wa kupatenga na watu. Katika gari dogo lenye buti, harufu ya mzigo hubaki butini. Katika Harrier, debe la dagaa wa Busisi husafiri pamoja nanyi, na huendelea kusafiri nanyi wiki tatu baada ya dagaa wenyewe kuliwa.

Twende sasa kwenye mwendo. Mwanza ina barabara za namna tatu: lami ya bondeni, njia za mawe zipandazo milimani kama kule Isamilo na Mabatini, na udongo wa vijijini. Katika lami Harrier lipo kwao. Springi zake ni laini, na matuta madogo wala viungo vya daraja huvisikii ila kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Katika mawe hutikisika lakini haliumizi, mradi liende polepole. Nafasi ya chini ya tumbo lake ni sentimita 18 na kitu, inayotosha matuta ya barabarani na mawe madogo, haitoshi makorongo. Katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, gari hili ni gari dogo tu kama mengine. Mengine huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, mengine na yote manne, lakini hata haya ya pili hayana ile gia nzito ya chini iliyomo katika Land Cruiser. Mwenye Harrier asikubali kudanganywa na kimo.

Ulaini huo una upande wake wa pili. Kwenye kona, gari refu lenye springi laini hulala upande wa nje kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni. Halipinduki kwa hilo, ila dereva aliyezoea gari la chini hushtuka. Baba Mdogo asema usukani ni mwepesi mno. Waweza kuuzungusha kwa mkono mmoja sokoni Kirumba, lakini ukiwa kasi haukuambii magurudumu yanafanya nini. Alinieleza hivi: "Hili gari ni la kukaa, si la kuendesha." Nadhani hakuna aliyelieleza vizuri zaidi.

Injini iliyo katika Harrier nyingi ni ya silinda nne, cc 2,362, yenye nguvu za farasi 160, ikisaidiwa na gia nne zijibadilishazo zenyewe. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mjini nguvu hizo zatosha. Ila ukiwa nyuma ya lori katika barabara ya Shinyanga na kutaka kulipita, ukikanyaga mafuta injini hunguruma kwanza, gia hufikiri, ndipo gari huenda. Nafasi ambayo muda huo hupotea sharti dereva aihesabu kabla hajatoka upande wake. Zipo zenye injini ya silinda sita, ya lita 3.0, ambazo hazina kasoro hiyo, bali hunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni Agosti.

Na kwa kuwa nimetaja mafuta, Baba Mdogo hupima hivi, na kila mtu aweza: hujaza tangi hadi bomba la kituo linapojikata, huandika kilomita, huendesha siku kadhaa, kisha hujaza tena vilevile na kugawanya kilomita kwa lita. Mjini, pamoja na foleni ya Mkuyuni, hupata kilomita 8 kwa lita. Safari ya Sengerema humpa 10 au kasoro kidogo. Gari lenye injini ndogo lingempa zaidi, na ushuru wake bandarini pia ungekuwa mwepesi, maana ushuru wetu huangalia ukubwa wa injini na umri wa gari.

Tairi nazo zina maneno ya kusomwa. Ubavuni mwa tairi la Harrier la kawaida pameandikwa 225/65 R17. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi, yaani sehemu 65 katika kila 100 ya upana huo, ambayo hutoka milimita 146. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Ile milimita 146 ya mpira na hewa ni godoro. Vijana wa mjini huitoa, wakaweka rimu kubwa za inchi 20 zenye tairi nyembamba kama 245/45, ambazo ubavu wake ni milimita 110 tu. Gari laonekana la kifahari, na kila jiwe la Isamilo lafika mgongoni. Kununua gari kwa ajili ya ulaini wake kisha kuuondoa ulaini kwa fedha nyingine ni jambo ambalo sijapata wa kunieleza. Jihadhari pia na yale machache yenye mifuko ya hewa badala ya springi. Mfuko ukitoboka, asubuhi walikuta gari limelala chini kama ng'ombe mgonjwa, na fundi wa kuliinua hapatikani kila gereji.

Mwenye kutaka kununua, hasa lile ambalo limekwisha tumika hapa na lina namba ya D, fundi wetu ashauri mambo haya. Aliwashe asubuhi, injini ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuizungusha mtaani. Achomoe kijiti cha oili na kutazama, kwa maana injini hizi zikichoka hula oili bila kuvuja hata tone, na nyingine nyuzi za bolti zifungazo kichwa cha silinda hulegea, maji ya rejeta yakaanza kupungua. Asisadiki sana kilomita zilizoandikwa. Atazame mpira wa pedali ya breki. Ukiwa umelika hadi chuma na dashibodi yasema kilomita elfu sitini, mmoja wao anasema uongo.

Redio yake iliundwa kwa mawimbi ya Japani, yanayoanzia megahezi 76 hadi 90, na vituo vingi vya kwetu viko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuyateremsha, chauzwa madukani. Mitambo mingine yasema Kijapani, na yetu ilimsalimia Bibi kila asubuhi kwa sauti ya mwanamke, naye hujibu kwa Kisukuma.

Mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu, ukishikiliwa na vijiti viwili vyenye gesi. Gesi hiyo huisha kwa miaka, na mlango ni mzito. Wa kwetu umekwisha muangukia Mama Mdogo mara mbili. Vijiti vipya vyapatikana mjini, lakini mpaka leo Baba Mdogo anatumia kipande cha mti wa mpera, urefu wa mkono, ambacho hulala chini ya kiti cha Bibi, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukichezea.